Sahihi ya Marehemu Katika Posta ya Tangi Refu

Mtu akifa, kazi anawachia wengine. Hivyo ndivyo nilikuwa najua, mpaka nikaajiriwa posta ya Tangi Refu.

Asubuhi yangu ya kwanza nilifungua daftari la muhuri nikapata tarehe ya siku hiyo ishapigwa. Kando yake kulikuwa na sahihi, safi kabisa: E. Kabiru.

Ephantus Kabiru ndiye alikuwa na hiyo kazi kabla yangu. Na Ephantus Kabiru alikuwa na wiki tano kaburini.

Nikagusa wino kwa kidole. Ulikuwa mbichi.

Naitwa Kiplimo, mtu wa Rongai. Mimi si wa kuona shetani kwa kila kichaka, na wale watu hukemea mapepo hata stima ikipotea hunikasirisha sana. Kwa hivyo msome hii bila kuniletea mambo ya maombi. Hata mkimaliza.

Tangi Refu ni center ndogo juu ya Mau Narok. Huku ni ngano, viazi na ukungu. Kuna asubuhi unatembea ukiona viatu vyako tu.

Posta yenyewe ni chumba kimoja, cha mbele, katika nyumba ya huyo marehemu. Kuna kaunta, rafu ya mbao imejaza ukuta wa nyuma, na sanduku la chuma la vitu vya maana. Upande ule mwingine wa ukuta anaishi mjane wake, Wachuka. Huku wote tunamwita Mama Abby.

Sasa, kuna sheria moja ya posta ambayo lazima muielewe.

Kila asubuhi, kabla hujagusa barua hata moja, unageuza tarehe ya muhuri, unaupiga kwenye daftari, unasaini kando. Huo ndio ushahidi kwamba siku hiyo ofisi ilifunguka. Siku bila muhuri ni siku hukufanya kazi, hata kama ulitembea mpaka soli ikatoka.

Nikaambia moyo labda kuna mtu ananichezea.

Siku ya pili nikafika mapema kidogo. Tarehe ishapigwa. E. Kabiru.

Siku ya tatu nikanunua kufuli mpya, nikaifunga kwa mikono yangu, ufunguo nikaweka kwa soksi. Asubuhi kufuli iko vile niliiwacha. Nafungua daftari. E. Kabiru.

Na si muhuri tu. Gunia la barua huletwa na pick-up jioni, na kazi ya kulipanga ni yangu. Nilikuta barua zishapangwa kwa kufuata vilima, zimefungwa kamba ya katani, za mbali chini, za karibu juu. Mimi mwenyewe sikuwa najua vilima vyenyewe.

Nikamuuliza Mama Abby, "Hukusikia mtu ofisini asubuhi?"

"Mtu gani, Kiplimo?"

"Sijui. Mtu."

"Kunywa chai," akasema. "Baridi ya huku inaingia watu kichwa."

Nikauliza kinyozi wa center. Yeye alicheka kwanza. "Ephantus?" akasema. "Huyo mzee alipenda posta kuliko nyumba yake. Hata kifo hakiwezi mwachisha."

Nikaogopa. Wacha niseme ukweli, niliogopa mpaka nikaanza kukohoa nikiwa mbali, ili kama ni yeye, amalize atoke. Naingia nikisema "Hodi, mzee" kwa chumba hakina mtu.

Lakini binadamu ni mnyama wa ajabu. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimezoea. Baada ya sita nilikuwa nachelewa makusudi. Kama marehemu anapiga muhuri na anapanga barua, mimi niko na haraka gani? Nafika saa mbili na nusu, nasaini chini yake, nabeba mzigo wangu naenda.

Sahihi mbili kila siku. Yake juu, yangu chini.

Hapo ndipo maneno ya serikali yakaingia.

Sisi wabeba barua wa mashambani tuko kwa kontrakti ya mwaka mmoja mmoja. Hakuna likizo, hakuna bima, hakuna pensheni. Yule anayeuza stempu mjini, nyuma ya kioo, ni mtumishi wa umma. Mimi ninayemfikishia nyanya barua kwa matope ya kilomita kumi na nne, nikikimbizwa na mbwa, mimi eti ni "wakala".

Jamaa anaitwa Sydney, mbeba barua wa upande wa Elburgon, ndiye alituunganisha. Mtu wa maneno mengi lakini roho safi. Tukaandika malalamiko, tukasaini, tukafukuzwa, tukarudi. Mwishowe kamati ikaundwa ya kukagua nani aingizwe kwa orodha ya watumishi wa umma.

Sydney akanipigia simu. "Kiplimo, sikia vizuri. Wanataka huduma ambayo haijakatika. Watasoma daftari la muhuri, siku kwa siku. Ikikatika, miaka yote inaenda."

"Yangu haijakatika."

"Sawa. Lakini iko ingine. Kila kituo nafasi ni moja. Kama aliyekutangulia alifanya miaka mingi na alikufa kazini, na familia yake imeendeleza hiyo kazi bila kukatika, wao ndio wanachukua. Wewe unangoja awamu ya pili."

"Hiyo ni lini?"

"Buda, hata wao hawajui."

Nilikaa chini. Bibi yangu Cheptoo alikuwa na mimba ya tatu. Ile ya pili pressure ilikuwa imempanda mpaka akalazwa wiki tatu, na daktari alituambia wazi kwamba ingine itakuwa mbaya zaidi. Bima kwetu haikuwa mchezo. Ilikuwa Cheptoo arudi nyumbani au asirudi.

Kamati ikatuita Nakuru mwezi wa sita mwaka wa 2024. Walioitwa ni sisi tulioshika vituo, na madaftari yetu. Familia za marehemu ziliambiwa zijaze fomu zingoje barua.

Siku ya kwenda nilifika posta alfajiri kuchukua daftari. Ukungu ulikuwa mzito. Nikaona mwanga dirishani.

Nikachungulia.

Mtu alikuwa amesimama kwa kaunta akinipa mgongo. Amevaa lile koti la kaki la posta la zamani, ambalo hakuna mtu hupewa siku hizi. Amevaa kofia. Mkono ukainuka, ukashuka. Nikasikia muhuri ukigonga.

Miguu yangu ilikataa kukimbia. Ingekubali, leo hamngekuwa mnasoma hii.

Akageuka.

Alikuwa Mama Abby.

Nikafungua mlango. Ile rafu ya ukuta wa nyuma ilikuwa imesukumwa kando, na nyuma yake kuna mlango mdogo unaoingia jikoni kwake. Mwaka mmoja na zaidi nilikuwa nafungia mzimu mlango wa mbele.

"Leo umekuja mapema," akasema.

"Mama Abby, ni wewe?"

"Ni mimi. Ulidhani ni nani?"

Nikaona haya kumjibu. Akanivutia kiti.

"Ephantus alipigwa na stroke mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili," akasema. "Mkono wa kulia ukakufa. Tungesema, wangefunga hii posta, na watu wa huku wangeenda kutafuta barua Mau Narok kwa miguu. Na sisi tungekula nini? Nikajifunza sahihi yake. Nilijifunza kwa karatasi ya unga, wiki mbili, mpaka yeye mwenyewe akasema ni yake."

"Na barua?"

"Nani alikuwa anabeba? Yeye alikuwa anakaa hapo kwa kiti. Mimi nafunga kitambaa, nafunga mlango, naenda. Miaka kumi na mmoja."

"Watu hawajui?"

"Wanajua ni mimi niliwaletea barua. Ni jina gani linaandikwa kwa kitabu, hakuna mtu aliwahi kuuliza."

"Lakini mzee alikufa. Kwa nini unaendelea?"

Alinitazama kama mtu ameulizwa kwa nini anapumua. "Ikikatika, si inapotea yote? Hakuna mtu aliniambia niwache. Na wewe, Kiplimo, tusidanganyane, hujui kupanga barua. Wiki ya kwanza ungeweka za mbali juu na za karibu chini, ukarudi nazo zote jioni."

Nikacheka. Yeye pia akacheka kidogo. Kisha akanishika mkono wa shati.

"Fomu nilijaza kwa jina la Ephantus. Mimi nikienda kusema ni mimi, watasema nimekubali kuandika jina la mtu mwingine. Lakini wewe ndiye umeshika kituo. Ukiwaambia ulinikuta nikifanya hii kazi, na umeona vile naifanya, watasikia. Waambie hiyo tu."

"Nitawaambia, mama."

Nilimaanisha. Mbele ya Mungu, nilipanda gari nikimaanisha.

Kamati ilikaa kwa ukumbi wa kanisa moja pale Section 58. Mwenyekiti alikuwa Madam Linah, mama wa miwani, sauti ya chini, hana haraka. Akafungua daftari langu. Akafunua, akafunua.

"Huyu E. Kabiru alifariki lini?"

"Februari mwaka jana, Madam."

"Na hii hapa ni ya wiki iliyopita."

"Ndio."

"Inafanana na zile za zamani."

"Inafanana."

Akatoa miwani. "Kuna mtu mwingine anafanya kazi kwa hicho kituo?"

Nafasi ndiyo hiyo. Nilikuwa na jina lake mdomoni. Nikamwona Cheptoo, miguu imevimba mpaka viatu vyangu ndivyo anavaa. Nikaona awamu ya pili ambayo hakuna mtu anajua ni lini.

"Hakuna," nikasema.

"Sasa hii sahihi ni ya nani?"

"Watu wa huko husema ni mzimu, Madam."

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi pia nikacheka nao, ile ya kujikuna shingo. Madam Linah hakucheka. Aliandika kitu, akafunga daftari, akaita mwingine.

Niliporudi Tangi Refu nilipata Mama Abby amesimama mlangoni na shali.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Walisema nini?"

"Watatuma barua."

Akatingisha kichwa, akaingia kunichotea chai. Niliinywa yote.

Mwezi wa nane barua yangu ikafika. Mtumishi wa umma, kazi ya kudumu, pensheni, bima. Sydney alilia kwa simu. Cheptoo alipiga magoti sebuleni na hilo tumbo lote. Mama Abby alinipa mkono, akasema, "Hongera. Yangu iko njiani."

Nikasema, "Iko njiani."

Tarehe kumi na moja Septemba ikafika.

Ilikuja kwa rejista. Barua za rejista huja kwa mfuko mdogo wenye lakiri, na karatasi ya orodha. Unanakili orodha yote kwa daftari la rejista kwanza, halafu ndio unazitoa moja moja. Nilikuwa nanakili bila kufikiria, mkono unaenda wenyewe, mpaka nikajiona naandika jina: Bi. Wachuka Kabiru, Tangi Refu.

Nikaitoa. Bahasha nyembamba ya kahawia. Sikuifungua. Haikuwa lazima, barua ya habari njema huwa nene, ina fomu ndani.

Ndani ya hiyo bahasha kulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa mimi.

Nikaisukuma chini ya stempu ndani ya sanduku la chuma. Nikajiambia ni mpaka Cheptoo ajifungue, asije akapata mshtuko kwa vurugu. Akajifungua mwezi wa kumi, kwa upasuaji, pressure juu, damu nyingi. Bima ikalipa. Akarudi nyumbani na msichana. Nikajiambia ni mpaka Krismasi ipite. Ikapita.

Na kila siku nikirudi kutoka vilimani, sauti kutoka jikoni:

"Kiplimo, barua yangu imefika?"

"Bado, mama."

"Haya."

Hakuwahi kuuliza mara mbili kwa siku. Hakuwahi kukasirika. Asubuhi nakuta muhuri umepigwa, sahihi iko, barua zimepangwa, ili huduma isikatike mpaka majibu yafike.

Jamani, wakati ule nilidhani ni mzimu nilikuwa nalala vizuri sana. Sasa nilijua ni mtu, na nikaanza kusikia ule muhuri kila mahali. Niko kwa duka la mbolea, nasikia ukigonga. Niko kanisani Rongai, mtoto anabatizwa, nasikia ukigonga. Nikawa siwezi kutazama ule ukuta wa rafu. Nilikuwa nakaa kwa kaunta nikiupa mgongo, na mgongo wenyewe unawasha.

Miezi saba.

Halafu siku moja Aprili mwaka huu wa 2025 nikafika, nikafungua daftari, nikapata ukurasa mtupu.

Hakuna tarehe. Hakuna sahihi. Gunia la jana liko vile liliwachwa, limefungwa.

Huo ukurasa uliniogopesha kuliko sahihi ya marehemu. Nilisukuma rafu nikaingia jikoni kwake bila hodi.

Alikuwa amelala kitandani na lile koti la kaki juu ya blanketi, anahema kwa shida. Pneumonia. Alikuwa amempigia binti yake, Abby, anayefanya kazi kwa mashamba ya maua Naivasha, na Abby alikuwa njiani kumchukua.

Akafungua macho.

"Kiplimo. Barua yangu imefika?"

Nikasema, "Imefika, mama."

Nikarudi ofisini. Nilifungua sanduku la chuma kwa haraka mpaka nikamwaga stempu zote chini. Nikarudi na bahasha, nikamnyoshea.

Hakuichukua.

"Leta daftari la rejista," akasema. "Lazima nisaini."

Nikaleta. Nikamsaidia kukaa. Nilitaka kumtafutia ukurasa, lakini akanitoa mkono. Akalifungua mwenyewe, mara moja, bila kutafuta, palepale. Akaweka kidole kwenye mstari wake. Tarehe kumi na moja Septemba, kwa mwandiko wangu, na nafasi ya sahihi ikiwa tupu kando yake. Mistari yote ya juu ilikuwa imesainiwa. Ya chini pia. Ulikuwa wake tu.

Na kwa huo ukurasa, juu, kulikuwa na muhuri wa siku hiyo. Huo huo aliokuwa anapiga yeye kila asubuhi, kwa daftari la muhuri na la rejista, na akiupiga anaona mistari ya jana.

Nikasoma huo muhuri mara mbili.

"Mama Abby. Ulijua?"

"Mimi najua kusoma, Kiplimo."

"Miezi saba?"

"Kesho yake tu."

"Sanduku unajua liko wapi. Funguo unayo. Kwa nini hukuichukua?"

Alipumzika kwanza, apate pumzi.

"Barua ya rejista haichukuliwi," akasema. "Inakabidhiwa. Miaka kumi na mmoja sijawahi kuchukua barua ambayo sijapewa. Hata yangu."

"Sasa kwa nini ulikuwa unaniuliza kila siku?"

"Ili unipe."

Akashika kalamu. Ile sahihi ya Ephantus alikuwa anaitupa kwa sekunde moja, macho yakiwa kwingine. Hii aliandika herufi kwa herufi, akikaza midomo: W. Kabiru. Herufi zilipanda mstari zikashuka. Katika daftari zote za hiyo posta, ilikuwa mara ya kwanza anaandika jina lake.

Akafungua bahasha. Akasoma. Nilijua amefika kwa ile sehemu inasema aliyeshika kituo alithibitisha kwamba hakuna mtu mwingine aliyefanya kazi pale, kwa sababu alirudi juu akaisoma tena, kidole kikifuata maneno. Akakunja karatasi mara mbili.

Nilingoja matusi. Nilikuwa nayahitaji.

"Cheptoo alijifungua salama?" akauliza.

"Salama, mama."

"Mtoto?"

"Yuko sawa. Msichana."

"Hiyo ni vizuri," akasema, na akageuka akatazama ukuta.

Abby alifika saa sita akamchukua. Yuko Naivasha mpaka sai, anaendelea vizuri, lakini huku juu hajarudi.

Wiki hiyo nilizunguka vilima vyote na kitabu. Nyumba baada ya nyumba nikauliza swali moja: nani alikuwa anakuletea barua? Nimeandika nyumba arobaini na tatu. Kuna mzee alisema barua ya pensheni yake ililetwa na Mama Abby siku ya mvua ya mawe. Kuna mwalimu alisema barua yake ya kuitwa Form One, na ya ndugu zake wote, ni huyo mama. Hakuna hata mmoja alitaja Ephantus.

Nimemwandikia Madam Linah kila kitu. Nimeandika kwamba nilidanganya, kwamba nafasi ya Tangi Refu ina mwenyewe, na jina langu chini. Nimeituma kwa rejista jana.

Cheptoo hajaniongelesha tangu jana. Kitu cha mwisho aliniambia ni, "Na watoto wako, umewaandika kwa hiyo barua pia?" Wakinifuta, wanafuta na bima yake.

Sydney amesema mimi ni mjinga, na nimeharibia wenzangu. Inawezekana.

Leo asubuhi nimepiga muhuri mwenyewe. Nimepanga barua mwenyewe, vibaya, na nimerudi kilima kimoja mara mbili.

Funzo langu ni hili, na mnaweza kunitukana kwa comments, sitajibu. Ukifika kazini upate kazi yako ishafanywa na hujui na nani, usiite mchungaji. Zunguka nyuma ya nyumba, gonga, uliza huyo mtu jina lake. Halafu uliandike mahali panapotakikana, siku hiyo hiyo, kabla hujapata sababu ya kutoliandika.

Anaitwa Wachuka Kabiru.